Ndoto Mbili za Mwanamke: Ndoa, Msiba na Uhuru katika Hadithi Fupi za Mwishoni mwa Karne ya 19



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu swali moja: je, hadithi fupi za theluthi ya mwisho ya karne ya 19 zilimruhusu mwanamke kusema kwamba kifo, au kuvunjika kwa ndoa, kumemfungulia mlango? Swali hili lina uzito wa pekee linapoulizwa hapa Mpanda. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, lakini historia yake iliyoandikwa inarudi nyuma sana, hasa kwa njia ya Karema, kituo kilicho kando ya Ziwa Tanganyika. Pale Karema, katika miaka hiyohiyo tunayoizungumzia, maneno ndoa, msiba na uhuru yalikuwa mambo ya kila siku ya wanawake halisi.

Wanafunzi wa fasihi wanaposoma hadithi ya Kizungu inayohusu mjane anayefurahi, aghalabu huamua kwa haraka kwamba jambo hilo ni geni kwetu. Wengine, kwa kinyume chake, huichukua hadithi hiyo kuwa kipimo cha uhuru wa wanawake wote duniani. Ninadhani misimamo yote miwili inatokana na kutosoma vya kutosha maandishi yetu wenyewe. Kwa hiyo nitaziweka hadithi mbili bega kwa bega. Ya kwanza ni ya Kate Chopin wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1894. Ya pili ni Sultani Darai, ngano iliyosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake Swahili Tales, London, mwaka 1870. Baadaye nitazipima kwa msamiati wa Kiswahili, kisha kwa maisha ya wanawake wa ukanda huu wa Ziwa Tanganyika.

2. Hadithi ya kwanza: saa moja ya Louise Mallard

Kate Chopin alizaliwa St. Louis mwaka 1850. Baba yake alikufa katika ajali ya treni mwaka 1855. Mumewe, Oscar Chopin, alifariki mwaka 1882 akamwachia mjane huyo watoto sita. Alianza kuchapisha kazi zake akiwa tayari mjane, mwaka 1889. Hadithi tunayoijadili ilitoka katika jarida la Vogue tarehe 6 Desemba 1894. Leo inajulikana kwa jina The Story of an Hour, lakini jina lake la kwanza lilikuwa The Dream of an Hour, yaani Ndoto ya Saa Moja. Naomba jina hilo la kwanza likumbukwe, maana nitalirudia.

Hadithi yenyewe ni fupi mno, takriban maneno 1,000. Bibi Louise Mallard ana ugonjwa wa moyo. Habari zinaletwa kwamba mumewe, Brently, ameuawa katika ajali ya treni. Dada yake Josephine na rafiki wa mumewe, Richards, wanampasha habari hizo kwa tahadhari. Analia papo hapo, tena kwa nguvu. Kisha anapanda chumbani peke yake, anajifungia, anakaa katika kiti kilichoelekea dirishani. Nje ni majira ya kuchipua: miti, mvua iliyopita, ndege, sauti za watu. Hapo ndipo jambo fulani linapomjia, mwanzo analiogopa, halafu analikubali. Anatambua kwamba miaka iliyo mbele yake itakuwa yake mwenyewe. Neno linalomtoka mdomoni ni neno la uhuru, naye analirudia. Anajua kwamba atalia tena atakapoiona maiti ya mumewe. Anajua pia kwamba mumewe hakumtendea ubaya. Anashuka ngazi akiwa amebadilika. Mlango unafunguliwa, na anayeingia ni Brently, mzima, ambaye hakuwa hata karibu na ajali. Louise anaanguka na kufa. Madaktari wanatamka kwamba ameuawa na furaha.

Mambo mawili yanastahili kusisitizwa. Kwanza, Brently si mume katili. Lau angekuwa katili, hadithi ingekuwa nyepesi: tungemlaumu mtu mmoja na kuiacha taasisi salama. Kwa kumfanya mume kuwa mtu mwema, Chopin anauelekeza uchunguzi wake kwenye ndoa yenyewe, kwenye ile hali ya utashi wa mtu mmoja kuuelemea utashi wa mwingine hata pale panapokuwa na wema. Pili, uhuru wa Louise haukuwahi kutoka nje ya chumba. Dada yake aliye nyuma ya mlango anadhani anajiumiza kwa majonzi. Madaktari wanadhani amekufa kwa kumwona mumewe. Msomaji peke yake ndiye anayejua, kwa sababu msimulizi amemwingiza ndani ya fikra za mhusika. Bila mbinu hiyo ya kusimulia mawazo, hadithi hii isingekuwapo.

3. Hadithi ya pili: mke wa Sultani Darai

Edward Steere alifika Zanzibar katika miaka ya 1860 akiwa mmisionari wa Kianglikana, na baadaye, mwaka 1874, akawa askofu. Mkusanyiko wake wa mwaka 1870 una ngano zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Baada yake walikuja Wajerumani. C. G. Büttner alichapisha Berlin mkusanyiko wa fasihi ya Waswahili mwaka huohuo wa 1894, na Carl Velten akatoa mkusanyiko wa ngano na hadithi mwaka 1898. Kwa hiyo tunapozungumzia hadithi fupi ya mwishoni mwa karne ya 19, Kiswahili hakikuwa mtazamaji. Kilikuwa na nathari yake iliyochapishwa, ingawa wachapishaji walikuwa wageni na aghalabu wasimulizi hawakupewa heshima ya utunzi.

Katika Sultani Darai, sehemu inayomhusu paa, maskini mmoja aitwaye Hamdani huchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa huyo anasema kama mtu. Anampatia bwana wake kila kitu: anampelekea Sultani almasi, anamtambulisha maskini yule kuwa ni Sultani Darai, anamposea binti wa Sultani, kisha anaua joka lenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya joka lile. Ndoa inafungwa. Mke anahamia katika nyumba hiyo ya fahari.

Halafu paa anaugua. Bikizee anayemwuguza anampelekea bwana habari, na bwana anaamuru apewe uji wa mtama, chakula duni, ilhali nyumba imejaa vyakula vizuri. Mke anashtuka. Anauliza kwa nini mnyama aliyewatendea hayo yote adharauliwe namna hiyo. Mume anajibu kwa kukumbusha bei: paa amenunuliwa kwa thumuni tu. Paa anakufa. Watu wanalia, na mume anakasirika kwamba wanamlilia mnyama kana kwamba amekufa bwana mkubwa. Anaamuru mzoga utupwe kisimani. Ndipo mke anapofanya jambo lisilo la kawaida kwa wahusika wa kike wa ngano: anaandika barua kwa siri na kuituma kwa baba yake. Sultani anakuja na watu wake, anamtoa paa kisimani, anamzika kwa heshima, na matanga yanakaliwa.

Mwisho wake ni huu. Usiku mmoja mke anaota kwamba yuko kwao, katika nyumba yake, katika mji wake. Mume naye anaota kwamba yuko jaani akichakura. Kunapokucha, ndoto zote mbili ni kweli. Mke yuko kwao. Mume yuko jaani.

Wasomaji wengi wameifahamu ngano hii kuwa ni funzo juu ya utovu wa shukrani, na ni kweli inafunza hivyo. Lakini tukimfuata mke badala ya mume, tunapata hadithi nyingine: mwanamke aliyeozwa kwa mtu asiyemjua, aliyegundua tabia ya mumewe wakati wa msiba, aliyeamua kuomboleza pale mume alipokataza maombolezo, na ambaye ndoa yake ilivunjika bila talaka, bila kadhi na bila yeye kulaumiwa na yeyote.

4. Ndoto mbili

Sasa turudi kwenye jina la kwanza la hadithi ya Chopin. Zote mbili ni hadithi za ndoto. Louise anaota akiwa macho, kwa muda wa saa moja, kisha anaamshwa na ukweli, na ukweli huo unamuua. Mke wa Sultani Darai anaota akiwa usingizini, kisha anaamka na kukuta kwamba ndoto ndiyo ukweli. Kwa Chopin ulimwengu hauna nafasi kwa kile alichokiona mwanamke dirishani. Katika ngano ya Zanzibar ulimwengu wenyewe unageuka ili ulingane na kile alichokiona mwanamke usingizini.

Tofauti hii inatokana kwa kiasi fulani na fani. Msimulizi wa ngano hasimulii fikra. Husimulia matendo, maneno, na ndoto. Ndoto ndiyo dirisha lake la kuingilia moyoni mwa mhusika. Anapotaka kutuambia kwamba mke hamtaki tena mumewe, hasemi hivyo. Anatuambia alipo mke ndotoni. Mwanafunzi anayedai kwamba fasihi simulizi ya Kiswahili haikuwa na undani wa nafsi hajatazama mahali undani huo ulipowekwa.

Lakini tofauti ya pili ni ya maudhui, nayo ni nzito zaidi. Louise anapofikiria uhuru, anajiona peke yake. Hakuna mtu katika maono yake, hata dada yake aliye mlangoni. Mke wa Sultani Darai anapoota, anajiona kwao. Uhuru wa kwanza ni kuwa wa nafsi yako. Uhuru wa pili ni kuwa na mahali pa kurudi. Neno lenyewe, kwao, ni gumu kulihamishia katika lugha za Ulaya. Si nyumba tu, wala si wazazi tu. Ni mahali ambapo mtu hahitaji kueleza kwa nini amekuja. Methali yetu inasema mkataa kwao ni mtumwa. Kwa mwanamke aliyeolewa mbali, methali hiyo inaweza kugeuzwa: asiye na kwao hana pa kukimbilia, na mume anajua hivyo. Binti wa Sultani aliweza kuandika barua kwa sababu alikuwa na wa kumwandikia.

5. Sarufi ya ndoa na sarufi ya msiba

Niruhusuni nisimame kidogo katika uwanja wangu wa isimu. Kiswahili kina kitenzi -oa, na mnyambuliko wake umejadiliwa mara nyingi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza, binti huozwa. Wapo wanaohitimisha kutokana na kauli hii ya kutendwa kwamba lugha yetu imemhukumu mwanamke kuwa mtendwa daima. Ninapendekeza tahadhari, kwa sababu tukivuka hatua moja mbele, hadi kwenye kifo, sarufi hiyohiyo inafanya jambo jingine.

Kitenzi -fa kinazaa -fia, na -fia kinazaa -fiwa. Mke hufiwa na mumewe. Lakini mume naye hufiwa na mkewe. Hapa hakuna umbo la mwanamume na umbo la mwanamke. Mbele ya kifo wote wawili ni watendwa, na anayeshika nafasi ya mtendaji baada ya kihusishi na ni marehemu. Kwa maneno mengine, lugha inayowatenganisha mume na mke mlangoni mwa ndoa inawasawazisha mlangoni mwa msiba.

Usawa huo hauendelei sana katika msamiati. Mwanamke aliyefiwa ni mjane. Kamusi zinatupa neno mgane kwa mwanamume aliyefiwa na mkewe, lakini ni wangapi kati yetu wanalitumia? Katika mazungumzo ya kawaida mwanamume amefiwa tu, kisha anarudi kuwa mtu wa kawaida; mwanamke anabaki na jina. Zaidi ya hayo kuna neno kizuka, linalotumika kwa mwanamke aliyefiwa na mume naye bado yumo edani. Neno hilohilo lina maana ya kitu kinachozuka ghafla, kama mzimu. Eda ya mjane katika sheria ya Kiislamu ni miezi 4 na siku 10, na mjamzito huikamilisha anapojifungua. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Velten mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli, alizieleza desturi za ndoa na za msiba za watu wa pwani kwa undani ambao mtafiti wa leo hana budi kuurejea.

Chumba cha Louise na chumba cha kizuka vinafanana kwa sura ya nje: mwanamke, mlango uliofungwa, msiba, upweke. Lakini kizuka amepewa muda na jamii yake, naye anajulikana na wote kwamba yumo humo. Louise amejitafutia muda huo kwa kufunga mlango, na anaupata kwa saa moja tu. Sisemi kwamba eda ni uhuru. Ninasema kwamba mjane wa Kiswahili alikuwa na muda unaotambuliwa, na kwamba fasihi yetu bado haijatuambia vya kutosha alikuwa akiwaza nini ndani ya muda huo. Tunaye Mwana Kupona binti Msham wa Pate, ambaye mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikufa mwaka 1856, naye akamtungia binti yake utendi juu ya mwenendo wa ndoa mnamo mwaka 1858. Mara nyingi tunausoma utendi huo kama sauti ya mke mtiifu. Ni mara chache tunakumbuka kwamba ni sauti ya mjane.

6. Neno huru na wanawake wa Karema

Tatizo kubwa kuliko yote kwa mfasiri wa Chopin ni lile neno analolirudia Louise. Leo tutaandika huru bila kusita. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1894, huru, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa kinyume cha mtumwa. Ni hali ya kisheria iliyojulikana na kila mtu. Mke mwungwana alikuwa tayari huru, hata kama mumewe hakumruhusu kutoka nje. Mtumwa mwanamke hakuwa huru, hata kama alitembea sokoni siku nzima. Mpaka huu ulionekana wazi katika sheria za Zanzibar. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini masuria waliachwa nje, kwa hoja kwamba wao ni watu wa nyumbani. Walisubiri hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12, basi, kuishi unyumba na bwana kulihesabiwa kuwa sababu ya kutomkomboa mwanamke. Tanganyika bara ilipata sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1922.

Hapo ndipo Karema inapoingia. Kituo hicho, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyosimamiwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu wanawaita Mapadre Weupe. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inapita ziwani, na misheni ilikomboa watu, wengi wao watoto. Adrian Atiman, ambaye naye alikuwa amekombolewa utotoni huko Algeria na kusomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889 akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956.

Tumtafakari msichana aliyekombolewa katika kituo cha namna hiyo. Amekuwa huru kwa maana ya zama zake. Lakini kwao hakujulikani, au kumeteketea. Akifikia umri wa kuolewa, wamisionari ndio wanaochukua nafasi ya wazazi, na kwa kawaida ya vituo hivyo huozwa kwa kijana Mkristo, aghalabu naye aliyekombolewa. Vitenzi viwili vinafuatana katika maisha yake: amekombolewa, ameozwa. Vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa. Je, akifiwa na mumewe, atarudi wapi? Ndoto ya mke wa Sultani Darai haimfai, kwa sababu hana mji wa baba wa kuuota. Maono ya Louise nayo hayamfai sana, kwa sababu katika nchi yenye vita na misafara, mwanamke aliye peke yake ni mwanamke anayeweza kukamatwa tena.

Hili si dhana tupu. Mwanahistoria Marcia Wright, katika kitabu chake Strategies of Slaves and Women cha mwaka 1993, alikusanya na kuchambua masimulizi ya maisha ya wanawake wa ukanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Mmoja wao, Narwimba, baada ya kufiwa alitaka yeye mwenyewe achukuliwe kuwa mke na jamaa wa marehemu, apate ulinzi. Kwa jicho la leo, kurithiwa kwa mjane ni kunyimwa uhuru. Kwa Narwimba ilikuwa njia ya kuuepuka utumwa yeye na watoto wake. Tukilisoma simulizi lake kwa haraka tutamwita mwoga au mfungwa wa mila. Tukilisoma kwa makini tutaona kwamba katika sentensi ile ya maisha yake yeye ndiye mtendaji: alitazama hatari zilizokuwapo, akachagua iliyo ndogo.

Karema hiyohiyo ilifungua njia nyingine ambayo haikufikiriwa na hadithi yoyote kati ya zile mbili. Wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, mwanzoni mwa karne ya 20, wasichana wa Kiafrika walianza kuishi maisha ya utawa. Kwa jamii zilizoamini kwamba kila mwanamke lazima aolewe na azae, huo ulikuwa mshtuko mkubwa. Mtawa si mke, si mjane, wala si mtumwa. Alikula kiapo cha utii, hilo hatulisahau, na wazazi wengi waliomboleza kana kwamba binti amekufa. Lakini kwa mara ya kwanza kitenzi -olewa kilipata kikanushi kilichoheshimiwa: hakuolewa, naye alikuwa na heshima yake.

7. Suala la tafsiri

Mwanafunzi atakayethubutu kuifasiri hadithi ya Chopin atakutana na vikwazo vitatu ambavyo ni vya manufaa kuvifikiria. Cha kwanza ni huru, nimekwisha kukieleza. Cha pili ni kiambishi a-. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Mwishoni mwa hadithi, mfasiri akiandika tu amekufa, msomaji ambaye ameambiwa tangu mwanzo kwamba mume ndiye aliyekufa anaweza kuyumba. Mfasiri atalazimika kutaja: mke, bibi, mama mwenye nyumba. Kila moja ya istilahi hizo inamfafanua mwanamke kwa uhusiano wake na mwingine, wakati ambapo hadithi nzima imejaribu kumwondolea uhusiano huo. Mwandishi mwenyewe alimwita kwa jina la mumewe kwa sehemu kubwa ya hadithi, na jina lake binafsi, Louise, likajitokeza pale tu alipokwisha kulitamka neno la uhuru. Mfasiri mzuri hataipoteza hatua hiyo kwa kuliweka jina Louise katika aya ya kwanza.

Kikwazo cha tatu ni furaha ile inayotajwa na madaktari. Furaha ni neno zuri, lakini wasomaji wetu wanapaswa kuhisi kwamba madaktari wamekosea, na kwamba wamekosea kwa uhakika mkubwa. Hapa mfasiri asiongeze maelezo. Kejeli ikielezwa hufa.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba hadithi fupi za mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa na namna zaidi ya moja ya kumfungulia mwanamke mlango. Chopin aliufungua ndani ya nafsi na kuufunga kwa kifo. Msimulizi wa Zanzibar aliufungua kwa ndoto na kumrudisha mwanamke kwao. Masimulizi ya ukanda wa Ziwa Tanganyika yanatukumbusha wale ambao hawakuwa na chumba cha kujifungia wala kwao kwa kuota.

Jambo hili halijaisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, ilitamka kwamba bila kujali mila inayopinga, mwanamke aliyefiwa na mumewe ni huru kuishi anapopenda, na ni huru kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume amtakaye, isipokuwa aliyeolewa Kiislamu ambaye ataimaliza kwanza eda. Tazameni: neno huru, lililokuwa kinyume cha mtumwa, limehamishiwa kwa mjane, na limefika huko kwa njia ya sheria kabla fasihi yetu haijalifikisha kikamilifu. Kwa upande mwingine, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane sehemu katika urithi wa mumewe pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo, likimtaka atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilitoa maoni katika shauri la wajane wawili wa Tanzania kwamba kanuni za namna hiyo zinakiuka haki zao. Mjane anayeruhusiwa kuishi apendapo lakini haachiwi nyumba, ana uhuru wa Louise: ni wa kweli chumbani, na hauvuki ngazi.

Kwa hiyo nawaachia wanafunzi kazi tatu. Someni upya ngano za Steere, Büttner na Velten mkimfuata mke badala ya mume, na mwandike kila mahali ambapo ndoto, barua au wimbo umefanya kazi ya fikra. Ifasirini hadithi ya Chopin kwa Kiswahili sanifu, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe mlivyolishughulikia neno moja tu, huru. Na hapa Katavi, kabla kizazi cha bibi zetu hakijatutoka, kusanyeni kwa idhini yao na kwa lugha zao, Kibende, Kipimbwe, Kikonongo au Kiswahili, masimulizi ya wanawake waliofiwa: walilia nini, walinyamazia nini, na walikwenda wapi matanga yalipoanuliwa.